Kabla ya dhahabu walisaka jiwe lenyewe: kutoka Tunduma hadi Isimila kwa watu wasio na majina

Wadau, humu ndani tumezoea kuongelea watu bila kuwataja. "Msanii fulani wa Bongo", "mke wa kigogo fulani", na nyie mnajaza wenyewe. Leo nimekuja na watu ambao majina yao hata mimi siyafichi, maana hayapo. Hawakuandika kitu, hawana kaburi linalojulikana, hakuna ukoo unaosimama ukasema yule alikuwa babu yetu. Ila kazi ya mikono yao ipo, unaishika. Na kama unakaa Tunduma, Vwawa, Mlowo au Mkwajuni, inawezekana kabisa umeshaikanyaga ukiwa unaenda zako shambani.

Chanzo cha haya yote ni video moja. Watalii kule Norfolk, Uingereza, wanashuka ngazi kuingia kwenye shimo la zamani linaitwa Grimes Graves. Huo ni mgodi wa gumegume. Gumegume ni lile jiwe gumu linalotoa cheche, ndiyo maana bunduki za zamani ziliitwa bunduki za gumegume. Watu wa kale walilitaka kwa kitu kingine: ukiligonga vizuri linapasuka na kuacha ukingo mkali kama wembe. Pale Norfolk wamehesabu mashimo zaidi ya 400, mengine yanazidi mita 12 kwenda chini, yamechimbwa kwa pembe za wanyama miaka zaidi ya 4,500 iliyopita. Si mchezo.

Sasa washkaji niliokuwa nao kijiweni wakaanza: wenzetu waliwahi sana kuchimba, sisi tulikuwa tunalala. Hapo nikawakatalia. Kule Eswatini, sehemu inaitwa Ngwenya, watu walichimba mlima kutafuta udongo mwekundu wa kujipaka zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Misri, kando ya mto Nile, kuna mashimo ya kutafuta jiwe la jamii hiyohiyo ya gumegume, na yana miaka zaidi ya 30,000. Ule mgodi wa Norfolk ukiuweka pembeni ya haya ni kitoto cha juzi.

Wakaniuliza, haya, na huku kwetu je?

Huku kwetu kwanza tuelewane kuhusu jina. Mito inayoitwa Songwe iko miwili. Mmoja ndio mpaka wetu na Malawi, unaingia Ziwa Nyasa. Mwingine unaelekea kaskazini kwenda Ziwa Rukwa. (Halafu kuna Uwanja wa Ndege wa Songwe, ambao uko Mkoa wa Mbeya. Mkoa wetu ulizaliwa 2016, uwanja ukabaki ng'ambo. Wageni huwa wanachanganyikiwa sana.) Ule mto wa Rukwa ndio wenye habari yetu. Kwenye bonde lake, miaka ya 1990, watafiti wakiongozwa na mama mmoja msomi wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, anaitwa Pamela Willoughby, walipita kwa miguu wakikusanya mawe yaliyochongwa na watu. Walikuta ya aina mbili za nyakati: yale ya Zama za Mawe za Kati, na yale madogomadogo ya Zama za Mawe za Mwisho. Mengi ya hayo madogo ni ya kwatzi, lile jiwe jeupe linalong'aa kidogo.

Kwatzi! Ukimtajia kijana wa Saza au Mkwajuni neno hilo, macho yanamtoka. Tangu miaka ya 1920, dhahabu ya upande wa Lupa, Chunya na Saza ilipoanza kuwaita watu kutoka kila kona, mchimbaji anafuata mshipa wa jiwe jeupe. Anaufukua, anaupeleka karasha, unasagwa unga, dhahabu inatolewa, jiwe linatupwa. Wale wa zamani walikuja kwa jiwe lilelile jeupe, ila wao walikuwa wanalitaka jiwe. Dhahabu hata wangeiona isingewasaidia chochote, ni laini mno, haikati nyama.

Wazo hilo lilinikaa kichwani, nikamfuata kaka mmoja wa mtaani kwetu. Jina sitaji, mwenyewe hapendi. Amechimba dhahabu miaka minane, ameingia maduara ambayo mimi hata kuchungulia naogopa. Nikamwambia twende Isimila. Akaniuliza, "Kuna nini huko dogo?" Nikamjibu mawe. Akacheka mpaka akakaa chini. Yaani mtu amekaa na mawe miaka minane, unamlipia nauli akaangalie mawe.

Lakini alikuja.

Kwa nini Isimila na sio bondeni kwetu? Kwa sababu kwetu hakuna kibao, hakuna banda, hakuna mtu wa kukuonyesha. Vitu vimetawanyika juu ya ardhi, na mtu asiyejua ataona kokoto tu. Isimila unaonyeshwa, macho yanazoea, ukirudi nyumbani unaanza kuona. Na iko kwenye barabara yetu wenyewe. Kila basi linalotoka Tunduma kwenda Dar linapita pale, kama kilomita 20 kabla ya kuingia Iringa mjini. Ni zaidi ya kilomita 400 kutoka mpakani, kwa hiyo tuliondoka alfajiri, malori yakiwa yamejipanga kwenye foleni yao kama kawaida. Konda alituuliza mara mbili kama kweli tunashuka pale porini.

Pale tulipokelewa na mzee mmoja. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba wanangu, mmetoka wapi. Tulipomwambia Tunduma akashangaa, akasema watu wa Tunduma huwa anawaona wakipita dirishani tu.

Wengi wanakwenda Isimila kwa ajili ya picha za nguzo. Maji na upepo vimekula udongo mpaka zimebaki nguzo ndefu za mchanga zimesimama korongoni, ukipiga picha pale inatoka bomba, sibishi. Ila mimi nilikuja kwa mawe, na mawe yamelala chini, kwenye korongo kavu na kwenye banda. Zamani pale palikuwa na maji, ziwa dogo lisilo na kina. Mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka duniani imepatikana humohumo, kiboko ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kama darubini. Watu walikuja kwenye maji, wanyama nao walikuja kwenye maji, na mawe magumu yalikuwa jirani. Nyama na visu sehemu moja.

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa safarini kati ya Nairobi na Johannesburg ndiye aliyeyatambua mawe hayo mwaka 1951. Mwaka 1957 na 1958 akaja msomi wa Marekani, F. Clark Howell, na timu yake wakachimba kitaalamu. Hapa naomba niseme kidogo. Jina la Howell liko kila mahali. Wenyeji walioshika sepetu na kubeba udongo juani ukitaka kuwajua utahangaika sana. Nao waweke kwenye orodha yetu ya leo.

Umri uliopatikana baadaye, kwa kupima mifupa, ni kama miaka 260,000. Namba kama hiyo kichwa hakiishiki kirahisi, kwa hiyo jaribu hivi: ukichukua kizazi kimoja ni miaka 25, kati yako na wale watu kuna vizazi kama 10,000. Babu wa babu yako ni wa nne tu hapo.

Shoka la mkono ndilo lililonimaliza. Halina mpini. Ni jiwe limechongwa pande zote mbili mpaka likawa na umbo kama jani au tone la maji, huku pana, huku limechongoka. Mengine ni makubwa kuliko unavyoweza kuyashika mkono mmoja kwa raha. Ukilishika lile la saizi yako, vidole vinapata mahali pake vyenyewe. Umbo hilohilo, Afrika nzima na kwingineko, lilitengenezwa kwa zaidi ya miaka milioni moja. Sisi simu ikifika miaka miwili tunaona imezeeka.

Sasa nirudi kwa kaka yangu mchimbaji, maana yeye ndiye aliyenipa stori. Mimi nilikuwa naangalia mashoka mazuri. Yeye alikuwa amechuchumaa pembeni, anaangalia vipande ambavyo mtu yeyote angevipita. Nikamuuliza unaangalia nini, akasema, "Marudio."

Kwa wasiojua, marudio ni yale mabaki yanayobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kutolewa. Mchimbaji mzoefu akifika kwenye eneo la wenzake haendi kuangalia shimo kwanza. Anaangalia walichotupa. Kwenye kilichotupwa anajua walikuwa wanatafuta nini, walikuwa wangapi, walikuwa na haraka au walitulia, na kama walijua kazi. Jamaa aliokota kipande kwa macho tu, hakukigusa, akaniambia: hiki kimetoka kwenye jiwe kubwa, kimepigwa mara moja, na aliyepiga alijua anapiga wapi.

Yule mzee akamwangalia, akamuuliza umesomea wapi. Akajibu, "Duarani, mzee."

Na alikuwa sahihi kabisa, ndivyo wasomi wanavyofanya. Shoka moja likichongwa linaacha nyuma vipande vingi sana vya kutupwa. Mchongaji alishika jiwe gumu la mviringo kama nyundo, akagonga ukingo wa jiwe lingine, kipande kikachomoka. Kipande hicho kina alama zake. Karibu na mahali pigo lilipotua, upande wa ndani, kuna nundu ndogo kama fundo la kidole. Kutoka hapo kuna mistari ya kupinda, kama mawimbi ya maji ukitupa jiwe bwawani. Jiwe lililopasuka lenyewe kwa jua au kwa kubingirika mtoni kwa kawaida halina mpangilio huo. Ukishaziona alama hizi mara tatu, nne, hutazisahau. Shida ni kwamba kwatzi, hili letu la Songwe, ni kaidi: linapasuka ovyo na alama zinajificha. Ndio maana nasema anza Isimila kwanza.

Kitu kingine alichokiona kaka ni kuchagua. Si kila jiwe lililokuwa pale limechongwa. Waliruka laini, waliruka yenye nyufa. Na hili la kuchagua halikuanza Isimila. Kule Oldupai, Ngorongoro, kuna sehemu wasomi wenyewe wameiita kiwanda. Ina miaka zaidi ya milioni 1.5, na jiwe lenyewe ni la ukoo wa gumegume. Stori yake ni tamu: jiwe hilo lilijitengeneza kwenye matope ya ziwa la kale. Ziwa likipungua, mabonge yanakuwa wazi, na hapo wale watu wanayachangamkia. Ziwa likijaa tena, mabonge yanafunikwa, wanarudi kwenye mawe mengine. Yaani hata mgodi haukuwepo, hawakuchimba shimo. Walisubiri ziwa lifungue duka.

Hao hawakuwa hata binadamu kama sisi, bado. Hata pale Isimila hakuna mfupa hata mmoja wa mtu uliopatikana, kwa hiyo sura ya mchongaji hatunayo. Tuna mikono yake tu. Sijui kwa nini hilo lilinigusa kuliko kama ningeonyeshwa fuvu.

Na msidhani ni Iringa na Ngorongoro tu. Kutoka Tunduma ukichukua lami ya Sumbawanga halafu uchepuke kuelekea mpakani, unafika Maporomoko ya Kalambo, maji yanashuka zaidi ya mita 200. Ng'ambo ya pili ni Zambia, na ni upande huo, juu ya maporomoko, ndiko msomi Desmond Clark alichimba miaka ya 1950 na 1960 akakuta mawe na mbao za kale. Timu nyingine ikarudi, na Septemba 2023 wakatangaza: magogo mawili, moja limelazwa juu ya lingine, limechongwa pengo ili yakae yasitikisike. Umri wake ni angalau miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu hata hajatokea. Mbao zilihitaji kitu cha kuzikata, na kitu chenyewe ni jiwe. Jirani zetu wa Nakonde wana haki ya kutamba kidogo.

Sasa tuje kwenye kinachoniuma.

Mkoani kwetu kila mtu anakijua Kimondo cha Mbozi. Pande la chuma zaidi ya tani 12 lililodondoka kutoka angani, tumelizungushia, tumeliwekea kibao, wanafunzi wanapelekwa, picha zinapigwa. Vizuri sana, nami nimepiga. Lakini kimondo hakikutengenezwa na mtu. Mawe ya bonde la Songwe yametengenezwa na watu, yako juu ya ardhi, na juu ya ardhi hiyohiyo ndipo tunapopata riziki. Watu wanafuata mshipa, wanafukua, kifusi kinageuzwa. Barabara inahitaji kokoto, akina mama wanakaa pembeni na nyundo, wanagonga mawe kwa ndoo. Ukiwaangalia vizuri, mkono mmoja umeshika jiwe, mkono mwingine unapiga ukingo, kipande kinaruka. Ni pigo lilelile la Isimila.

Siwezi kumwambia mama anayesomesha watoto kwa kokoto aache kwa sababu ya mtu aliyekufa zamani hivyo. Sina uso huo. Na kaka yangu mchimbaji aliniambia wazi kwenye basi tukirudi: amewahi kukuta vijiwe vyeupe vidogo, vyembamba, vikali, vimejaa sehemu moja kama vimemwagwa, karibu na walipofungua duara. Walivichota pamoja na kifusi. Vile vidogo, kwa jinsi alivyovieleza, vinafanana na vile watu wa Zama za Mawe za Mwisho walivyovigandisha kwenye mpini wa mti kwa utomvu, vinakuwa kisu au ncha ya mshale. Sikuviona, kwa hiyo siwezi kuapa. Vimeshaingia karasha.

Sheria ipo, wengi hatuijui. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Ukigundua kitu kama hicho unatakiwa kutoa taarifa, na kuchimba kukitafuta bila kibali ni kosa. Kwa hiyo nyie mnaopenda kubeba "kaukumbusho" kwenye begi, muwe makini.

Cha kufanya ni kidogo tu. Ukikuta jiwe lenye ukingo mkali na ile nundu, au vipande vingi vya aina moja vimelala pamoja mahali ambapo jiwe la aina hiyo halipo jirani, usiliokote. Msomi anataka kujua lilikuwa wapi, limelala na nini, udongo gani. Ukilipeleka nyumbani na kuliweka juu ya televisheni, hayo yote yamepotea. Weka kiberiti au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, piga picha, washa lokesheni ya simu, halafu nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Akikuzungusha, rudi tena.

Wiki iliyopita kaka amenitumia picha. Yuko upande wa Mkwajuni, eneo jipya. Kuna jiwe jeupe kwenye udongo mwekundu, pembeni ameweka kiberiti chake cha gesi kama nilivyomwelekeza, na pembeni ya hilo kuna mengine matano, sita, madogo. Nimekuza picha mpaka ikavunjika. Nikamwandikia: kaka, yaache hapohapo, usiyaguse, naitafuta ofisi.

Akajibu, "Sawa dogo. Ila fanya haraka, karasha linafungwa Jumatatu."